Mafuta ya habbat soda kwa mgonjwa wa tibakemikali: tathmini ya chupa niliyoinunua

Chupa hii ya mililita 250 niliinunua katika duka la dawa za asili Kariakoo, mama yangu akisubiri mzunguko wa tatu wa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa sababu kibandiko chake kiliahidi kwamba mafuta hayo "hulinda kinga ya mwili dhidi ya dawa kali". Kwa ladha sina lawama: yana uchungu na ule ukali unaopanda puani, kama habbat soda halisi ilivyo.

Ahadi yenyewe haikuzuka hewani. Mama alikuwa akitundikiwa siklofosfamidi, dawa inayoua seli zinazogawanyika haraka, zikiwamo zile za uboho zinazozalisha chembe nyeupe za damu, ambazo hupambana na maambukizi, na katika majaribio ya maabara panya waliopewa dawa hiyo pamoja na mafuta ya habbat soda walidhurika kidogo kuliko waliopewa dawa peke yake. Wapo hata watoto wenye uvimbe wa ubongo ambao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walipewa gramu 5 za mbegu kila siku, na homa zitokanazo na upungufu wa chembe nyeupe zikawa chache kwao. Lakini hizo zilikuwa mbegu zilizopimwa. Chupa yangu haitaji kiasi cha timokwinoni, kiambato kinachosifiwa zaidi, wala haina namba ya usajili. Tena ni ya plastiki angavu, nayo ilipangwa dirishani penye jua, ilhali timokwinoni huharibiwa na mwanga.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kibandiko hakitoi tahadhari yoyote. Siklofosfamidi haifanyi kazi mpaka vimeng'enya vya ini viigeuze, kwa hiyo kitu chochote kinachogusa vimeng'enya hivyo chaweza kubadili nguvu ya tiba. Muuzaji aliniambia, "Mpe vijiko viwili asubuhi na jioni, dada, hata homa haitamgusa." Daktari wa mama alipoiona chupa alituomba tuiweke kando hadi mizunguko iishe, akatuagiza tununue kipimajoto, na homa ikifika nyuzi 38 tumpeleke hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Mafuta nayapa nyota tatu kati ya tano. Kibandiko sikipi hata moja, na nimerudi dukani kuwaomba wakibandue.