Wakata mawe wa Mbeya mjini: asilimia wako vizuri, saizi ya punje waulize mara mbili

Wakuu, wengi mmeniuliza kuhusu wale jamaa wa Mbeya mjini wanaokata mawe na kuyasoma kwenye mikroskopu. Jina siweki hapa ila nawapa nyota tatu na nusu.

Mi nilipeleka mawe ya rifu yetu (mkanda wa mwamba wenye dhahabu) ya Chunya, nilitaka kujua pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, iko kiasi gani na punje zake zina ukubwa gani kabla hatujaanza kusaga. Swali la kwanza waliloniuliza likanipa imani, unataka kuona nini? Maana slaidi ya kawaida ya mwamba inachongwa mpaka inabaki milimita 0.03 na mwanga unapita kutoka chini, sasa pairaiti haipitishi mwanga kabisa, utaona weusi tu. Kwa hiyo wakagandisha vipande kwenye epoksi (gundi inayokauka ngumu), wakang'arisha uso mpaka ukawa kioo, wakamulika kwa juu. Na kijana wa mashine alikata kuvuka ile mistari ya rifu, sio kuifuata, hapo safi sana, ukifuata mstari unaweza ukaangukia pairaiti tupu au kwotzi tupu (lile jiwe jeupe la rifu) na ukadanganyika vizuri kabisa.

Kuhesabu wanatumia ImageJ, ni programu ya bure ya Wamarekani, wanaweka gridi juu ya picha wanahesabu nukta zilizoangukia pairaiti. Kwangu 80 kati ya 400, yaani 20%. Mwenzangu akacheka, eti ndo sayansi hiyo? Ndo yenyewe mzee. Mjiolojia wa Kifaransa, Delesse, alishaonyesha mwaka 1847 kwamba sehemu ya eneo kwenye uso uliokatwa inawakilisha sehemu ya ujazo ndani ya jiwe, mradi usichague pa kukata. Kwa nukta 400 unaweza kupishana kama asilimia 2 juu au chini, na hiyo ni iwapo vipande vimetoka mawe tofauti, kipande kimoja hata ukipiga nukta elfu kumi bado unalijua jiwe moja tu.

Sasa lawama. Ripoti imeandika 20% basi, haijasema ni ya ujazo. Pairaiti ina densiti (uzito kwa ujazo) kama 5, kwotzi 2.65, ukipiga hesabu hiyo 20% ya ujazo inakuwa kama 32% kwa uzito, na sisi huku tunanunua na kusafirisha kwa tani jamani!

La pili ndo limenikera zaidi. Ripoti inasema "Wastani wa kipenyo mikroni 80" (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hicho ni kipenyo cha duara linaloonekana kwenye uso, sio cha punje. Kata parachichi kiholela uone, mara nyingi kisu hakipiti katikati ya kokwa, kinapita pembeni unaona kaduara kadogo. Kama punje zote zingekuwa mipira ya saizi moja, wastani wa maduara ungekuwa kama 0.79 tu ya kipenyo halisi, so 80 inatoka kwenye punje za mikroni 100 na kitu. Pairaiti sio mipira, na saizi zikichanganyika hesabu inageuka tena kwa sababu punje kubwa zinakutana na kisu mara nyingi kuliko ndogo, Wicksell wa Sweden aliichambua hiyo tangu 1925. Kwa hiyo hiyo 80 usimpe mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) kama ilivyo. Nilipouliza mapokezi nikajibiwa "kompyuta ndo imetoa hivyo bosi". Haya.

Dhahabu yenyewe walikataa kuikadiria kwa njia hii na wako sahihi, gramu chache kwa tani nukta zako hazitaigusa, peleka ikapimwe kwa tanuru.

Bei sio mbaya na risiti wanatoa, parking ndo shida. Ukienda waombe picha zote kwenye flashi zikiwa na mstari wa skeli, mi ilibidi nirudi kuufuata.