Nairobi siku tatu mimi na bwanangu: pandeni treni, na msikose makumbusho ya reli

Naandikia wenzangu wa Mombasa ambao kila mwaka twasema iko siku tutaenda Nairobi kutembea, si matanga si hospitali si kesi, kutembea tu. Sisi tumeenda Julai hii, miaka kumi ya ndoa, watoto tumewaacha kwa nyanya yao Likoni. Nimefurahi mpaka leo.

Kwanza treni. Tulipanda ile ya saa tisa alasiri kutoka Miritini, ekonomi 1,500 kila mtu, tiketi tulikata kwa simu siku kadhaa mbele maana wikendi zinaisha haraka. Fikeni mapema kabisa, saa nzima kabla, kwa sababu mizigo yote inapangwa chini kwa mstari mbwa wanapita kunusa, alafu kuna mashine, alafu kuna foleni nyingine tena. Mkishaingia mmepumzika. Kaeni dirishani na muwe macho karibu na Voi, hapo ndovu wa mbuga ya Tsavo wanaonekana kwa jicho tu, wekundu wa vumbi la udongo ule, sisi tuliona kundi na kichanga chao kimejibana katikati ya miguu ya mama. Bwanangu alisimama mpaka wakapotea. Ukishuka Syokimau, kituo cha mwisho cha Nairobi, usiku usikimbilie teksi, kuna treni ndogo inakupeleka mpaka stesheni ya zamani mjini kwa bei ya chini sana.

Baridi sasa. Julai Nairobi si ya mchezo jamani, mtu wa pwani abebe sweta nzito na soksi, leso peke yake haitoshi.

Mbuga ndiyo iliyotuumiza roho kidogo. Nairobi National Park ni ya mwaka 1946, ya kwanza Kenya, na iko mlangoni mwa mji, kwa hivyo kila mtu anakwambia uwe getini saa kumi na mbili asubuhi wakati simba bado wanatembea. Tulikodi gari la watalii (kampuni siitaji), tukalipa nusu mbele, tukakubaliana saa kumi na moja na nusu. Gari limekuja saa moja na dakika arobaini! Dereva hana pole wala maelezo, simu ya ofisi yaita tu haipokelewi, na pale getini ndio twaambiwa malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu hawachukui, dereva hakutuambia, tukapoteza nusu saa nyingine tukihangaika na simu. Simba hatukuwaona. Kwa hivyo ukikodi gari usilipe nusu mbele kama hujapewa namba ya dereva mwenyewe, na mpigie usiku ule ule. Lakini siwezi kusema mbuga ni mbaya maana vifaru tuliwaona, wawili, karibu kabisa, tunasikia wanavyokata nyasi kwa mdomo, na nyuma yao maghorofa ya mji yamesimama kwenye ukungu. Ndovu msiwatafute humo, hawamo. Wapo tu wale ndovu watoto yatima wa kituo cha Sheldrick, kinachowalea, ambao hutolewa saa tano asubuhi kunyweshwa maziwa kwa chupa, hiyo yataka buking mapema, sisi tulichelewa.

Tukaenda kwa twiga Lang'ata. Hapo nyota tano. Wanakupa chakula kile cha vidonge unashika mkononi, twiga ananyoosha ulimi mweusi wa zambarau unakwaruza kama msasa na kukuachia ute mpaka kwenye kiwiko. Ni wale twiga wa Rothschild, miguu yao chini ya magoti haina madoa, utadhani wamevaa soksi nyeupe. Jioni tukala nyama choma Kenyatta Market, wanakukatia juu ya ubao na kachumbari na chumvi pembeni, na kila hatua wasusi wananiita dada njoo tukusuke. Chakula kizuri, tulishiba.

Kosa letu lingine ni kupanga mambo matatu kwa siku. Jemu ya magari Nairobi itakula mchana wenu wote, pangeni moja asubuhi, moja jioni, basi. Jioni ya pili tukapanda KICC, ule ukumbi wa mikutano, jengo la mviringo la 1973, ghorofa 28, lifti halafu ngazi kidogo mpaka juu. Nendeni saa kumi na mbili kasoro. Unaona vilima vya Ngong upande mmoja, mbuga upande mwingine, taa zinaanza kuwaka chini na magari yamekwama kama siafu, na upepo mkali, tukakumbatiana tu hatusemi kitu. Kwa wapenzi hakuna pahali pazuri zaidi ya pale mjini.

Lakini mimi roho yangu ilibaki makumbusho ya reli, karibu na stesheni ya zamani, ambako watu wengi hawaendi. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli iliyotoka kwetu Mombasa, na pale injini kubwa za mvuke zimesimama uwanjani, unapanda unashika vyuma. Babu yake bwanangu alikuwa mtia makaa wa garimoshi, na bwanangu mwenyewe hajawahi kuingia ndani ya injini kama hizo mpaka siku ile. Alishika mlango wa tanuri akaufungua na kuufunga, akaufungua tena. Lipo pia behewa la stesheni ya Kima, ambalo mwaka 1900 ofisa wa polisi wa reli, Ryall, alilala ndani akimvizia simba na simba akaingia akatoka naye dirishani. Dirisha lile ni dogo, nimesimama mbele yake nikalipima kwa mikono yangu.

Tulikaa masaa matatu, mlinzi akatuletea habari za kila injini bila kuombwa, tukampa ya chai. Tukarudi na treni ya saa nne usiku, bwanangu hakulala hata kidogo, alikuwa anasikiliza reli.