Kitabu cha bustani: kifungue katikati kwanza, ndipo uulize bei

Malalamiko yameanza tena kunifikia. Mama mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliagiza kitabu kikubwa cha bustani za wafalme wa Ufaransa, zawadi ya binti yake aliyemaliza shule. Shemeji akakileta, kikapita uwanja wa ndege wa Luano salama ndani ya valizi, jalada linang'aa. Mama alipofika kwenye picha ya bustani ya Marly hakuiona nyumba ya mfalme. Haikuchanwa. Imezama kwenye mkunjo wa katikati, pale kurasa mbili zinapokutana. "Yaya," ananiandikia, "dola zote hizi kwa bustani isiyo na kitovu?" Dada mwingine wa Bel-Air ana shida hiyohiyo, ila kwake kilichomezwa ni chemchemi.

Kwa hiyo leo sisemi habari za jalada wala uzito wa karatasi. Hayo muuzaji atakuimbia bila kuombwa. Nasema mkunjo, maana hakuna kitabu kinachoumizwa nao kama kitabu cha bustani zilizopotea. Kitabu cha ndege kikimeza bawa, ndege mwenyewe bado yuko mtini, nenda ukamtazame. Bustani iliyobomolewa imebaki kwenye picha tu.

Na Marly ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Mfalme Louis XIV aliijenga karibu na Versailles ili apumzike na wageni wachache aliowachagua mwenyewe. Nyumba yake ilisimama juu, katikati. Mbele yake mabwawa yalishuka kwa mstari mmoja, na vibanda vya wageni vilipangwa 6 upande huu na 6 upande ule. Maji yalipandishwa kutoka mto Seine kwa mtambo wa magurudumu 14 ulioanza kazi mwaka 1684. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mahali hapo pakauzwa, na mwanzoni mwa karne ya 19 jumba likabomolewa. Pierre-Denis Martin aliwahi kupachora mwaka 1724, kama mtu anayetazama kutoka angani, na katika mchoro wake kila kitu cha maana kiko kwenye ule mstari wa kati. Mchapaji akiutandaza kwenye kurasa mbili, mstari huo ndio unaoangukia kwenye gundi. Bustani nyingi za kifalme za zama zile zilipangwa hivyo, kushoto sawa na kulia. Hapo si bahati mbaya tena. Ni mtu wa kiwanda aliyepanga kurasa bila kutazama alichopewa.

Kupima ni rahisi. Laza kitabu mezani, kifungue katikati kabisa, uachie mikono. Kikijifunga chenyewe, kitajifunga hivyohivyo nyumbani, na siku utakapokilazimisha kitapasuka mgongo. Kisha kitazame kwa juu, kwenye kichwa cha mgongo. Ukiona vifungu vidogovidogo vya karatasi zilizokunjwa, na ndani ya kila kifungu uzi, kimeshonwa. Ukiona karatasi zimesimama moja moja kwenye ukuta wa gundi, kimebandikwa tu. Hapa kwetu gundi haina maisha: Juni na Julai hewa inakauka na usiku ni baridi, Oktoba joto linawaka, na kabla ya mvua kukolea kurasa zimeanza kuanguka.

Sasa vitabu vyenyewe.

Cha kwanza, na sitaficha upendeleo wangu, ni bustani ya Eichstätt katika toleo la wachapishaji Taschen. Basilius Besler, muuza dawa wa Nuremberg, alichapisha Hortus Eystettensis mwaka 1613: mabamba 367 yaliyochongwa kwenye shaba, yakionyesha mimea ya bustani ya askofu Johann Konrad von Gemmingen huko Ujerumani. Askofu alifariki mwaka mmoja kabla hakijatoka. Vita vya Miaka Thelathini vikaja, bustani ikaharibiwa, kitabu kikabaki. Huwezi kupata bustani iliyopotea zaidi ya hiyo. Lakini mimi sikukipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya historia. Besler aliipanga mimea ikiwa imesimama, bamba kwa bamba, ukurasa kwa ukurasa, mizizi chini na maua juu, hakuna kinachovuka mkunjo. Yungiyungi lake unaliona lote. Kimefuata majira manne ya Ulaya, na majira ya baridi yameambulia kurasa chache sana. Sisi wenye masika na kiangazi tunacheka kidogo hapo. Bei yake ukiisikia utawaza magunia ya unga. Nunua hata hivyo, ukipata nafasi. Taschen wana matoleo makubwa na madogo, na katika yale niliyoyashika, picha iliyozaliwa ya wima imeachwa wima. Wengine huigeuza ili wajaze kurasa mbili.

Cha pili ni cha watoto, na watu wazima huwanyang'anya: Le Jardin d'Abdul Gasazi cha Chris Van Allsburg, kilichotoka Marekani mwaka 1979. Mtoto anafuata mbwa aliyekimbilia katika bustani ya mchawi mstaafu, mahali ambapo tangazo mlangoni limekataza mbwa. Hakuna rangi hata moja, penseli tupu, vichaka vilivyokatwa kwa maumbo, ngazi, vivuli. Maneno yako ukurasa huu, picha imekaa ndani ya fremu yake ukurasa ule. Mkunjo haupati kitu cha kumeza. Kwa Kifaransa kilitoka kwa wachapishaji École des loisirs, na nitasema wazi kwamba kwa vitabu vya watoto hao ndio ninaowatafuta kwanza.

Cha tatu ni cha wenye subira. Hypnerotomachia Poliphili kilichapwa Venice na Aldus Manutius mwaka 1499, kina picha 172 za kuchongwa kwenye mbao, na ni ndoto ndefu ya mtu anayemtafuta mpenzi wake katikati ya magofu, chemchemi na bustani, hadi kisiwa cha Kythera kilichogawanywa kwa miduara. Bustani hizo hazikuwahi kuwepo popote. Picha zake zimekaa ndani ya ukurasa pamoja na maandishi, hazitanuki. Tafsiri kamili ya Kiingereza, ya Joscelyn Godwin, ilitolewa na Thames & Hudson mwaka 1999. Tafuta ile kubwa. Katika ile ndogo utahitaji miwani ya babu. Vitabu vya Kiingereza mara nyingi huingia kwetu kupitia Zambia, basi uliza watu wanaopita mpaka wa Kasumbalesa kabla ya kulipa ndege.

Riwaya ya Bustani ya siri ya Frances Hodgson Burnett, ya mwaka 1911, ina wachoraji wengi mno. Mimi namchukua Inga Moore. Basi.

Mwandishi Umberto Eco nimemweka chini, na najua mtanisema. Histoire des lieux de légende, Flammarion, 2013: paradiso ya Edeni imo, visiwa visivyokuwepo vimo, picha ni nzuri na mwandishi anajua mambo. Ila ni kitabu kinene, na kitabu kinene hupimwa katikati, si mwanzoni ambako kila kitabu hufunguka kwa adabu. Pima nakala ileile unayouziwa.

Wanaoniuliza Babeli: punguzeni haraka. Hakuna maandishi ya Babeli yenyewe yaliyopatikana yanayoitaja bustani ile ya kuning'inia. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyeusimulia mji, haitaji pia. Mtaalamu wa mambo ya kale Stephanie Dalley, katika kitabu chake cha mwaka 2013, anasema ilikuwa Ninawi, kazi ya mfalme Senakeribu, na kuna jiwe la kuchongwa kutoka Ninawi katika British Museum linaloonyesha bustani kilimani na mfereji wa maji juu ya matao. Kitabu hicho ni cha kusoma, si cha kutazama. Vile vitabu vya maajabu 7 ya dunia ya kale vyenye rangi kali vinarudia mawazo ya wachoraji kama Maarten van Heemskerck wa karne ya 16, ambaye Babeli hakufika. Kama unataka bustani ya kubuni, sawa, lakini usilipe bei ya historia.

Vya bei ndogo: vile vya mitumba kandokando ya barabara mjini, ukikuta kilichoshonwa, chukua. Vya gundi acha.

Tuzungumze kuhusu wauzaji. Duka moja la katikati ya mji limefunga vitabu vyote vya picha kwa plastiki, na ukiomba wakate unaambiwa, "Ukikata, umenunua." Nani hununua kitenge bila kukikunjua? Bei imeandikwa kwa dola, ukitoa franka wanakutajia kiwango chao cha siku hiyo, ukitoa dola wanaigeuza mbele ya taa wakitafuta mchaniko. Noti yenye alama ndogo pembeni inarudishwa. Kitabu chenye kona iliyobonyea hakipunguzwi hata franka moja. Na wakikuona unatazama mgongo wa kitabu wanakuuliza kama wewe ni mwalimu.

Mimi nikikataliwa plastiki huaga kwa heshima na kutoka. Kile kitabu hakina mteja mwingine kesho. Rudi mwisho wa mwezi, mara nyingi utakuta wamekikata wenyewe ili watoto wa tajiri fulani wakitazame, kimeshikwashikwa, na sasa mnaweza kuongea bei.