API 20 Strep: miaka minne nayo kwenye benchi la bakteria

Aliyenifanya niiheshimu stripu hii ya kutambua aina za streptokoki na enterokoki ni mzee mmoja wa miaka sitini na ushee. Homa ya wiki tano, katibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, na ekokadiogramu, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, imeonyesha kinyama kinaning'inia kwenye vali ya mitrali. Chupa zote tatu za damu zikaota. Kwa rangi ya Gram, koki (bakteria wa duara) za zambarau, minyororo mifupi. Lateksi, kipimo cha kupanga streptokoki kwa makundi, ikasema kundi D, na agari ya eskulini na nyongo ikawa nyeusi ti; Enterococcus na gallolyticus wote hutoa majibu hayo. Kijana wangu wa benchi alikuwa ameshaandika "Enteroco..." kwenye fomu, na simlaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa jibu hilohilo kimakosa, siku ambayo kitendanishi cha PYR, kipimo kinachomtenga Enterococcus, kilikuwa kimekwisha na daktari anapiga simu kila nusu saa.

Safari hii tukafungua stripu. Saa nne baadaye, matone ya vitendanishi ZYM A na ZYM B yameshaingia, kijana akaniita: "Dada, hii PYRA mbona haina rangi?" Hicho ndicho kikombe cha PYR, na Enterococcus ingetoa rangi ya chungwa. Kesho yake vikombe vya sukari, manitoli, inulini na glikojeni, vyote njano kama embe bivu. Tukajumlisha namba, likatoka Streptococcus gallolyticus, ndugu wa wale tuliokuwa tukiwaita bovis. Penisilini kwa kawaida inamuweza, wakati Enterococcus faecalis anataka ampisilini pamoja na jentamaisini au seftriaksoni, na hiyo jentamaisini figo za mzee zingeilipia. Tena gallolyticus kwenye damu ni sababu ya kupitisha kamera utumbo mpana, maana anafuatana mno na saratani ya huko. Walipitisha, wakakuta uvimbe mdogo, wakaukata.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni stripu ya vikombe 20 vidogo vyenye kemikali kavu. Ukiongeza hemolisisi, yaani jinsi anavyoyeyusha damu kwenye agari, unapata vipimo 21, vinavyohesabiwa vitatu vitatu kwa 1, 2 na 4 hadi namba ya tarakimu saba. Unaisoma mara mbili, baada ya saa 4 na baada ya saa 24. Haihitaji mashine, inkubeta tu na macho ya mtu mkweli.

Na macho ndiyo shughuli. Kikombe cha HIP (hipureti) kimenitesa kuliko vyote: baada ya ninhidrini, samawati iliyofifia ni hasi, zambarau iliyoiva ndiyo chanya, na katikati ya hizo mbili kuna jioni nzima ya kubishana. Mimi huisoma juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Chini ya taa yetu ya benchi, inayowaka ikijisikia, siisomi.

Inakula bakteria wengi pia. Tope la bakteria linatakiwa lizidi namba 4 ya McFarland, kipimo cha uzito wa tope, na streptokoki wa mdomoni wanaota vijidoa kama vumbi. Otesha sahani mbili za agari ya damu tangu mwanzo, usinilaumu baadaye. Mafuta ya kufunika kikombe cha ADH (arginini) na vya sukari usiyasahau. Mwanafunzi wetu aliyasahau, tukaitupa stripu nzima, na bei yake inauma.

Isipokufaa ni kwa kina mitis na oralis, streptokoki wa mdomoni. Hao wanafanana kama kuku wa kizungu, na ukiona programu ya kusomea namba inakupa majina mawili kwa asilimia za kukaribiana, andika "kundi la mitis" na uishie hapo. Kwanza hakikisha siyo Streptococcus pneumoniae kwa kidonge cha optokini na kuyeyuka kwenye nyongo. Hata MALDI-TOF, ile mashine inayosoma protini na kutoa jina kwa dakika chache, imejulikana kuwachanganya hao. Na stafilokoki usiwalete humu kabisa. Staphylococcus lugdunensis, ambaye anatafuna vali kama S. aureus, mtafute kwa koagulesi ya tyubu, PYR na onithini.

Lakini kutofautisha faecalis na gallolyticus, ambalo ndilo swali linaloamua dozi wodini, kwangu inapata nyota nne. Vigezo vya Duke vya 2023, vya kutambua maambukizi ya vali za moyo, vinamhesabu faecalis kati ya vimelea vya kawaida vya ugonjwa huo popote alipotokea, kwa hiyo ukimpa mtu jina hilo kwa kubahatisha umempa na ugonjwa.

Nyota ya tano imeliwa na msambazaji, simtaji. Boksi la mwisho la stripu 25 lilifika likiwa limebakiza wiki sita, ndani ya katoni yenye barafu iliyokwishakuwa maji, wakati linatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Tulilirudisha. Kwenye oda mpya nimeandika kwa wino mwekundu: muda usiopungua miezi minane, na nitafungua katoni mbele ya dereva.