SHA au bima binafsi?

Tangu Oktoba 2024, SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, mwajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, bila kikomo cha juu. Anayepata shilingi 20,000 hutoa 550. Wa 200,000 hutoa 5,500, na haki yao ya matibabu ni ileile. Bima binafsi huangalia umri na maradhi: kijana mzima hupokelewa haraka, mzee mwenye kisukari hutozwa zaidi. Anayehitaji tiba kuliko wote ndiye soko humkwepa, kwa hiyo nasimama na mfuko wa serikali. Ila kumdai mama mboga, mchuuzi asiye na mshahara wa kukatwa, mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali riziki yake ni ya kutwa, ni kumfungia mlango.