Nilitafuta "deni", nikapelekwa Edeni

Simu yangu ni ya bei ya chini, kioo kina ufa tangu iliponidondoka ndani ya tuktuk pale soko la Malindi, na programu ya Biblia iliyomo ni ya bure. Nimekaa nayo miezi minne nikiitumia kwa kazi moja tu, kutafuta aya za jambo fulani. Habari za kusomewa kwa sauti, ratiba za kusoma Biblia kwa mwaka na picha za aya za kurusha kwenye makundi, waulize wengine.

Kilichonipeleka huko ni mkopo, tena si wangu. Nauza dera na leso. Kusi likishavuma na wageni wakishaondoka kwenye hoteli za Casuarina, biashara hulala chali. Shoga yangu mmoja wa chama chetu cha kuweka na kukopeshana alikopa msimu huo, nikamdhamini. Mwezi wa tatu wa mkopo akanyamaza, na jina lililosomwa mkutanoni likawa langu. Bahati mbaya au nzuri, zamu yangu ya kuongoza somo la kina mama siku ya Alhamisi ilikuwa imefika. Nikasema nisome habari za deni, nijue Neno linasemaje, kabla sijamwendea mwenzangu kwa maneno yangu mwenyewe. Nayajua maneno yangu.

Nikaingia mahali pa kutafutia, nikaandika "deni". Biblia niliyochagua ni ya Union, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumeikariri. Matokeo yakamwagika mpaka nikafurahi, kumbe furaha ya bure. La kwanza kabisa, bustani ya Edeni. Nikateremka, nikakuta "enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi". Nikateremka tena, "wapendeni adui zenu", ambayo siku hiyo sikuwa tayari kuisikia. Programu haijui maana ya deni, inatafuta herufi nne popote zilipojibanza, na Kiswahili chetu kimejaa watu wanaoambiwa tendeni, pendeni, enendeni.

Kuna kitufe cha kuchagua neno zima. Nikakibonyeza. Edeni ikatoka, sawa, lakini "wadeni" nao wakatoka! Mathayo 6:12 ikabaki kwa sababu ina "deni zetu", ila wale wadeni wawili wa Luka 7, mmoja wa dinari 500 na mwenziwe wa 50, sikuwaona tena. Kwa lugha inayovisha neno viambishi mbele na nyuma, kitufe hicho ni kisu kinachokata nyama pamoja na kidole.

Orodha ya mada nayo ipo: upendo, hofu, ndoa, fedha. Nikafungua fedha. Malaki 3:10, zaka kamili ghalani, halafu sadaka, halafu kutoa kwa moyo mkunjufu. Aliyebanwa na mkopo akiingia humo atatoka anadaiwa zaidi. Hiyo siipi nyota hata moja.

Aliyenifungua macho hana Biblia wala programu. Ni Bi Mkubwa mmoja wa Shela, Muislamu, mteja wangu wa leso wa miaka. Nilikuwa nimekwama kwenye Warumi 13:8, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana", aya niliyoikumbuka kichwani lakini simu haikuniletea. Nikamsomea. Akacheka. "Kwani hujui kuwiwa, mwanangu? Kuwiwa ni kudaiwa. Mimi hapa waniwia za leso mbili." Mimi nimezaliwa bara, neno hilo sikuwahi kulisikia nje ya kanisa, nikidhani ni la kanisani tu. Kumbe watu wa mji wanalisema dukani.

Nikarudi kwenye simu nikaandika "wia", kisha "wiwa". Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, akatoka nje kumkaba mwenzake wa dinari 100, akimwambia "Nilipe uwiwacho." Mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye aliyemwia mumewe alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Paulo akimwandikia Filemoni, "ukiandike hicho juu yangu." Huyo Paulo ni mdhamini kama mimi, ila yeye alijua anachotia sahihi.

Basi nikashika mtindo: kabla ya kugusa simu naandika kwenye daftari kila neno ambalo watu hulitumia kwa jambo hilo. Deni, kopa, kopesha, wia, rehani, riba, dhamana. Na ukiandika "kopa" hupati "kopesha", kwa hiyo nikakata mzizi, nikaandika "kop" tu. Zikaja za kukopa, ikiwemo Mithali 22:7, akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, zikaja na takataka, maana "kop" iko pia kwenye kope za macho. Nilikuwa nazipita hizo za kope upesi upesi mpaka nikaona moja iko Mithali 6, aya ya 4, usiache macho yako yapate usingizi. Nikarudi nyuma aya tatu nijue ni nani huyo anayekatazwa kulala. Ni mtu aliyemdhamini rafiki yake. Anaambiwa aende akajinyenyekeze, amsihi mwenzake, ajitoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Yaani aya niliyoihitaji kuliko zote niliipata kwa makosa ya kompyuta.

Jingine la kufaa: programu ina tafsiri ya Habari Njema pia. Hapo Warumi 13:8 inasema waziwazi "Msiwe na deni kwa mtu yeyote", kwa hiyo ukitafuta deni unaipata. Natafutia Habari Njema, nasomea Union. Zote mbili nilizipakua kwa bando la siku moja, sasa zafungua hata stima ikipotea na mtandao ukienda nayo.

Ila zima data ukisoma. Nikiwa nimewasha, chini ya Nehemia 5, pale anapowakaripia wakuu wanaotoza ndugu zao riba, lilinitokea tangazo la kubeti, na lililofuata likawa la mkopo wa papo hapo. Wanaolipanga hilo hawasomi kilichoandikwa juu yake.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama ingejua mizizi ya maneno. Mwenye Biblia ya zipu iliyo na itifaki nyuma, ile orodha ya maneno na aya zake, asiitupe. Yangu ni fupi, lakini haijawahi kunipeleka Edeni.

Kwa shoga yangu nilikwenda jioni ile ile, kabla ya kope kusinzia. Tumekubaliana alipe kidogo kidogo kila Ijumaa, na Ijumaa mbili zimepita hajakosa. Bi Mkubwa ndiye bado namwia.