Saa Inahesabu Kalori Ikiwa Mezani! Tazama Kabla Hujanunua

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tupo Dodoma, hapa Majengo, na hii ndiyo saa mliyoniuliza sana kwenye komenti. Kioo, betri, kuingia majini, hayo mnayajua, narukia kilichoniudhi: hii namba ya kalori ambazo mwili unachoma ukiwa umepumzika.

Angalieni. Naivua, naiweka mezani. Sogeza kamera. Mapigo ya moyo yamepotea, si ndiyo? Sasa msiondoke, tuisubirie... Haya! Kalori zimeongezeka! Hakuna mkono hapo, hakuna damu, na bado inaongeza. Kwa sababu haipimi, ndugu zangu. Ulipoiunganisha na simu uliijazia umri, jinsia, urefu na uzito, ikapiga hesabu. Ngoja niwaoneshe tena. Naingia kwenye programu, uzito ulikuwa kilo 70, naandika 90. Ona makadirio ya siku: yamepanda karibu kalori 200, na mimi sijanyanyuka kwenye kiti! Ndivyo inavyokwenda fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ile ya kukadiria kalori za mwili uliopumzika: kila kilo kalori 10.

Kipimo chenyewe cha kweli cha kalori hizo, unalala chali, hujala, unafunikwa kichwa, mashine inapima oksijeni unayotumia na kaboni dioksidi unayotoa. Saa ina taa ya kijani tu ya kusoma damu. Mapigo inayasoma vizuri, hapo naipa maua yake. Lakini mapigo ukiwa umetulia hayakwambii kalori: joto la Oktoba hapa Dodoma, kikombe cha kahawa, hofu, moyo unakimbia na mwili haujachoma kwa kiasi hicho.

Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu vifaa 7 kwa watu 60. Kwenye mapigo, 6 vilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, cha mwisho 93. Vya zamani hivyo, sawa, ila mezani mmeona wenyewe.

Na bei? Laki mbili na nusu, muuzaji ananisisitizia kalori! Bangili ya elfu sitini inakupa mapigo na hatua. Wewe unayepunguza uzito, usipunguze ugali kwa kufuata namba hii, panda mizani kila wiki.

Jumapili nachambua pete janja, nayo itakaa hapa hapa mezani. Bonyeza kengele.